Tumbo Langu na Radhi Yako

Houston, 8 Julai 2018

Mwanangu Tasnim,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linalotaka kututoa roho. Mwanangu Mselem karudi salama na lori lake kutoka Laredo. Ule ukuta wa sebuleni ulioingia maji ya kimbunga cha Harvey bado unanuka ukungu. Fundi kaja, kautazama, katikisa kichwa, kaondoka. Kutikisa kichwa hata mimi naweza.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Masikio yangu unayajua. Nikipiga, Mselem huweka spika, nami hukuuliza mambo yako kwa sauti hata jirani wa ghorofa ya juu akajua umekula nini. Barua haina spika. Usinicheke.

Harusi ya Pennsylvania ilinifurahisha, ila kutupikisha pilau nyuma ya nyumba, ukingoni mwa msitu, tumekaa kwenye majani kutwa nzima, hayo hayakuwa mapenzi. Ndiyo maana ulipopitia kwangu mgongo ulikuwa umekukaza, nikakuumika. Sasa nambie, alama za vikombe zimefifia? Mwili umekuwa mwepesi? Wanawake wa hapa wananiuliza kuhusu hijama yangu, nami nawaambia mtoto wa kaka yangu ndiye shahidi.

Msalimie mumeo Abdulhafidh, mwambie asiendeshe gari kwa usingizi.

Shangazi yako,
Mwanabaraka


Euless, 17 Julai 2018

Shangazi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam, na nakushika miguu. Sisi wazima. Abdulhafidh anaendesha abiria wake, mimi bado nasukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Juzi nilimsukuma bibi mmoja wa Kihindi kutoka mlango hadi mlango. Njia nzima akaniombea dua kwa lugha nisiyoijua, nami nikawa naitikia amina. Nadhani aliniombea mema.

Alama zimefifia zote isipokuwa moja, ile ya chini ya bega la kushoto. Hiyo haififii, inakua. Imekuwa duara kubwa, jekundu pembeni na jeupe ndani, kama alama ya sufuria ya moto kwenye kitambaa cha meza. Haiumi wala haiwashi. Ila nina homa za kuja na kuondoka, na uchovu ambao hata kulala hakuuondoi.

Abdulhafidh kasema, "Tasnim, hii si normal. Twende kliniki waku-check." Nimemjibu kwamba shangazi yangu anaumika watu tangu yeye hajazaliwa. Nimesubiri neno lako kwanza. Unasemaje?

Mwanao,
Tasnim


Houston, 25 Julai 2018

Mwanangu,

Nimekusoma. Usiogope. Kikombe kile nilikiacha muda kuliko vingine kwa sababu pale palikuwa pamekaza sana. Hiyo ni damu mbovu inatafuta njia ya kutokea. Paka mafuta ya habasoda asubuhi na jioni, na samaki uache mpaka duara liishe.

Kliniki usiende na mgongo huo. Kuna mwanamke wa hapa mtaa wa Bissonnet alikwenda kwa kikohozi, wakamvua nguo wakaona alama za hijama, wakamtoa mumewe nje na kumuuliza yeye peke yake kama anapigwa. Mume wa watu akakaa nje analia. Unataka Abdulhafidh yamkute hayo?

Subira, mwanangu. Litaondoka.

Mwanabaraka


Euless, 4 Novemba 2018

Shangazi,

Nakushika miguu. Nimekaa kimya muda mrefu, niwie radhi. Duara liliondoka Agosti, kama ulivyosema, na nilimringia sana Abdulhafidh. Homa nazo zikaisha.

Sasa ni tumbo. Lilianza mwishoni mwa Septemba. Linashika chini ya mbavu upande wa kulia, linazunguka hadi mgongoni, kama mtu anayenifunga mkanda wa moto kisha akaukaza. Si la kula wala la njaa. Usiku siwezi kuvumilia hata shuka inayonigusa ngozi. Kazini nalala juu ya mikono ya kiti ninachokisukuma, mgonjwa anageuka kuniuliza kama mimi ni mzima.

Nilikwenda hospitali mara moja, wakanipa dawa ya asidi. Haikufanya kitu.

Tasnim


Houston, 15 Novemba 2018

Mwanangu Tasnim,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Tumbo! Miaka minne ya ndoa nakuombea, na wewe unaniandikia tumbo kama mtu anayeeleza habari za mvua. Mimba nyingine huanza kwa maumivu hivyo hivyo, mama yako alipokuwa na wewe hakuweza kusimama. Usinyanyue mizigo. Waambie kazini wakupe kukaa.

Sikuweza kujizuia, nimewaambia wanawake wawili tu wa hapa. Mmoja keshaanza kufuma kofia ya mtoto.

Mwanabaraka


Euless, 20 Februari 2019

Shangazi yangu,

Si mimba.

Nimekawia miezi mitatu kukujibu kwa sababu sentensi hiyo ilinishinda kuandika. Mwambie huyo mama asimalize kofia, au akimaliza ampe mwenye mtoto.

Wamenipiga picha, wamenishusha mpira wenye kamera hadi tumboni, wamepima ini, nyongo, figo. Kila kitu kizuri. Daktari wa mwisho aliniambia kwa upole kwamba pengine nina huzuni. Nilimjibu kwamba huzuni niliipata baada ya tumbo, si kabla. Akaandika kitu kwenye kompyuta. Abdulhafidh aliyekuwa akigombana na madaktari kwa ajili yangu sasa hukaa kitandani upande wake na simu yake. Simlaumu, hata mimi nimejichoka.

Tangu wiki iliyopita goti la kushoto nalo limevimba kama boga.

Tasnim


Houston, 3 Machi 2019

Mwanangu,

Niwie radhi kwa ile furaha yangu. Kofia nimeichukua, nimeiweka, sitoi kwa mtu.

Madaktari wakikosa jina, mimi ninalo: kijicho. Ulivaa lile gauni la zari harusini na kila mtu akakutazama. Nakutumia mvuje ujifukize, na shubiri unywe kidogo kabla ya kulala.

Mwanabaraka


Euless, 14 Aprili 2019

Shangazi,

Asalaam aleikum. Abdulhafidh anakusalimu. Shubiri imenitapisha, lakini nimekushukuru.

Nimepata daktari mpya huko Irving, mama wa Kinaijeria. Alilitazama goti, akaniuliza, "Mwaka jana ulisafiri wapi?" Wote walioniona hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia Pennsylvania. Akapima damu. Ni ugonjwa unaoitwa Lyme. Unaletwa na kupe.

Najua utasema kupe ni wa ng'ombe. Huyu ni wa msituni, mdogo kama punje ya ufuta, anauma na huhisi. Kule kaskazini wanamjua. Hapa Texas ni nadra, ndiyo maana wengine hawakufikiria. Nimepewa vidonge vya mwezi mzima. Goti anasema litapona. Tumbo huenda ni neva zilizoguswa na ugonjwa huo, huenda ni jambo lake lenyewe. Hajui, na amesema wazi kwamba hajui.

Aliniuliza na maswali mengine, nikamjibu.

Ramadhani njema ikifika, shangazi.

Tasnim


Houston, 22 Juni 2019

Mwanangu Tasnim,

Idd imepita, nimekula peke yangu kwa kujitakia. Mselem mzima.

Uliandika daktari alikuuliza maswali mengine ukamjibu. Miye nimekulea tangu una miaka sita, najua unavyoandika ukiwa na kitu mkononi na mkono umeuficha nyuma. Nikamwambia Mselem anisomee habari za huo Lyme. Akafungua simu. "Mama, inasema mtu anapata rash, ni round, inakua. Kuna picha, tazama." Nikavaa miwani. Mgongo ulikuwa wa mzungu, lakini duara nililijua pale pale, ingawa sikuwahi kuliona.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sikuliona. Uliniandikia, nami nikakujibu kama mtu aliyeligusa kwa kidole. Lilikuja pale pale palipokaa kikombe changu, nikalichukua kuwa langu. Mselem akaendelea kusoma kwamba duara likionekana mapema na dawa ikatolewa, wengi hupona haraka. Nikamwambia inatosha, azime.

Nimeacha kuumika. Wanawake wakija nawapa chai.

Kwa nini hukuniambia?

Mwanabaraka


Euless, 30 Julai 2019

Shangazi,

Nakushika miguu. Goti limepona, sasa napanda ngazi. Daktari anasema Lyme imetibiwa na hatanipa vidonge tena, kwa sababu kuvizidisha hakusaidii. Tumbo limebaki. Limekuwa halina jina wala mwenyewe.

Nimejifunza kuishi nalo. Nakula kidogo kidogo. Ninayo chupa ya mpira ya maji ya moto, naifunga kiunoni kwa kanga. Nasali nimekaa kwenye kiti. Daktari amenipa dawa ya neva inayonipumbaza asubuhi lakini inanipa usingizi. Ramadhani sikufunga. Nilikuwa nakula ndani ya gari kwenye maegesho ya wafanyakazi, nimeinama chini ya usukani, na siku moja Prudensia wa Haltom City, tunayefanya naye kazi, akanigongea kioo. Ni Mkatoliki, Mrundi, hakujali hata kidogo. Alinipa ndizi. Mimi nikalia kama nimekamatwa naiba. Msikitini mama mmoja aliniuliza ni tumbo gani hilo lisilo na jina, na aliuliza ili wengine wasikie.

Ule mgongo na duara lake usijisumbue nao.

Tasnim


Houston, 12 Januari 2020

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Baridi ya mwaka huu imeniingia kwenye vidole, ndiyo maana maandishi yanatambaa.

Nina habari. Mwaka huu Inshallah nakwenda Hija. Mselem ananipeleka, kashanipatia nafasi kwenye kundi la msikiti. Nimesubiri safari hii tangu babako yu hai.

Wajua desturi. Haendi mtu kwenye nyumba ya Mungu na haki za watu shingoni. Nimeanza kuzunguka kuomba radhi. Nimemwomba jirani niliyemsengenya. Nimemwomba Mselem kwa fimbo moja ya mwaka 1989, akacheka mpaka akakohoa. Wote wamenisamehe bila hata kusita. Umebaki wewe.

Umeniambia nisijisumbue. Hukuniambia kwamba sikukosa. Tofauti yake naijua. Basi nakuomba, kwa mkono wako, uniandikie kwamba umenisamehe duniani na akhera. Maneno hayo tu, si lazima uongeze mengine.

Shangazi yako,
Mwanabaraka


Euless, 16 Februari 2020

Shangazi yangu,

Hongera sana. Mungu akufikishe na akurudishe. Nunua viatu vyenye soli laini na uvivae nyumbani kwanza vikuzoee. Nawaona mahujaji wanavyorudi, miguu yote malengelenge. Ukipita uwanja wetu nitakusukuma mwenyewe, usimkubalie mtu mwingine.

Huku mvua haijakatika. Abdulhafidh kabadilisha gari. Tumbo liko vile vile.

Barua yako nimeisoma yote.

Tasnim


Houston, 9 Aprili 2020

Mwanangu,

Kaa ndani. Wanasema corona inawapenda watu wa viwanja vya ndege. Mimi sijambo. Sikuulizi kitu.

Mwanabaraka


Euless, 5 Julai 2020

Shangazi,

Nakushika miguu. Kazi imesimama tangu Aprili, ndege hazina watu. Abdulhafidh anapeleka vyakula milangoni. Sote wazima, corona haijatugusa.

Mselem alinipigia kunieleza kwamba Hija imefungwa kwa watu wa nje, na kwamba umekaa chumbani siku mbili hutaki kula. Nitakuambia nilivyohisi kwanza, kabla ya huruma. Nilihisi nafuu. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, sasa sihitaji kumjibu. Kisha nikajichukia, na bado najichukia hadi leo ninapoandika.

Ningeweza kukuandikia maneno yale Februari. Ni mafupi. Niliyaandika kwenye karatasi, nikayachana. Ungekwenda kusimama Arafa na uongo wangu mfukoni, ukiamini ni radhi.

Nimekukasirikia, shangazi. Tumbo likinibana saa nyingine nakuona wewe unaniambia subira, litaondoka. Kisha namwona Abdulhafidh ameshika ufunguo wa gari anasema twende kliniki, na mimi namcheka. Yeye hajawahi kunikumbusha hata siku moja, na hilo ni zito kuliko kama angenikumbusha. Miguu ya kwenda ilikuwa yangu. Sasa sijui nianze kumsamehe nani kati yetu wawili.

Nilimuuliza daktari waziwazi: kama ningetibiwa Julai ile, tumbo hili lingenipata? Akasema, "Honestly, I don't know," na kwamba hakuna atakayeniambia kwa uhakika. Pengine ndiyo. Pengine lingekuja tu. Kwa hiyo nakukasirikia kwa jambo ambalo pengine hukulifanya, na siwezi kuacha, wala siwezi kuthibitisha.

Nasikitika kwa Hija yako. Huo si uongo.

Tasnim


Houston, 6 Agosti 2020

Mwanangu Tasnim,

Asalaam aleikum. Idd kubwa imepita nasi tumefungiwa. Mselem kapika, chumvi tele, nikala ili asihuzunike.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nililia kwa uchungu. Nilisema, huyu nimemlea, nimemwosha, hata neno moja ananinyima. Mara ya pili nikaona aibu. Nilikuomba radhi kama mtu anayeomba viza. Nilikuwa na safari, nikataka karatasi yangu ikamilike. Tangu Juni ya mwaka jana nilijua nilichokujibu, na mpaka Januari sikukuomba chochote. Nilikuomba siku niliyoihitaji mimi. Wewe ulikuwa unaumwa siku zote hizo.

Pia nilikuwa najitetea moyoni kwamba mtu mzima huenda hospitali mwenyewe. Lakini uliniuliza unasemaje. Hukuniuliza kwa kuwa huna akili. Uliniuliza kwa sababu nilikuzoesha kuniuliza mimi kwanza, na nilijivunia.

Basi radhi sikuombi tena. Ikija, itakuja yenyewe. Isipokuja, nitakwenda kwa Mola hivyo hivyo bila hiyo, na nitasema ni haki yako.

Nakuomba jambo jingine, dogo. Wengine unawaambia hujambo. Hata mimi umeniandikia tumbo liko vile vile, ukalificha nyuma ya habari ya gari. Siku likikuuma, niandikie linavyokuuma. Nitakaa nisome mpaka mwisho. Sitakutumia dawa.

Mwanabaraka


Euless, 19 Agosti 2020

Shangazi,

Limeanza baada ya sala ya alfajiri na sasa ni adhuhuri. Liko chini ya mbavu za kulia, upana wa kiganja, na ngozi ya juu yake inaungua ingawa ukiigusa ni baridi. Nikivuta pumzi hadi mwisho linachoma, kwa hiyo navuta nusu nusu. Nimelala chini jikoni kwa sababu vigae vina ubaridi, na karatasi iko sakafuni, ndiyo maana mistari imepinda. Nimeogopa, kama ninavyoogopa kila mara, kwamba safari hii halitaachia. Nimechoka kuwa jasiri mbele ya watu.

Radhi bado sina. Nimeitafuta leo nikiwa nimelala hapa, sikuiona.

Abdulhafidh yuko chumba cha pili, mlango uko wazi, angekuja nikimwita. Sijamwita. Nimekuandikia wewe kwanza.

Tasnim